Tai Aliyevaa Kofia

Kwenye majlisi, ukumbi wa wageni wa nyumba yetu ya Mawaleh, Muscat, kulikuwa na kioo ambacho hakuna mtu aliyejitazama ndani yake akaridhika. Kilikuwa cha mviringo, kimefura katikati kama kitako cha sufuria, na fremu yake ya rangi ya dhahabu ilizungukwa na vitufe vidogo vidogo. Juu yake alisimama tai wa mbao, mabawa wazi. Ukikisogelea, pua yako inakuwa kubwa na masikio yanakimbilia nyuma. Wageni wa mara ya kwanza walicheka, halafu kwa adabu wakaacha kukitazama.

Baba alikinunua kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa akihama mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, kajaza vyombo vyake vyote kwenye gereji ya gari anauza. Wenzake Baba walitoka hapo na mafriji na vitanda. Baba alirudi na kioo. Mama alimtazama yule tai akasema malaika hawaingii kwenye nyumba yenye masanamu, na pale ukumbini watu wanasali. Baba hakupenda kubishana juani. Akavua kofia yake, akamvisha tai mpaka machoni.

"Haya, kishasilimu," akasema.

Tangu siku hiyo tai wetu alivaa kofia, na kila ilipochakaa alirithi nyingine kutoka kichwani kwa Baba.

Nadhani kioo hicho ndicho kilichoniingiza katika kazi yangu. Ninauza samani za zamani, pamoja na zile zilizotengenezwa jana zikapakwa uzee. Duka langu liko Madinat Sultan Qaboos, na nina karakana ndogo Wadi Kabir ambako mafundi wananibandikia vipande vya shaba vilivyong'oka na kusuka upya viti vilivyotoboka. Wateja wangu siku hizi wanataka Rijensi tu: viti vyenye miguu iliyopinda kama jambia, makochi yaliyoviringwa upande mmoja, meza nyeusi zenye makucha ya simba, vioo vya mviringo. Wanalitamka jina hilo kwa heshima kana kwamba ni la mkoa wa Peponi. Ninapowaeleza maana yake hawasikilizi, lakini mimi hadithi yake naipenda. Mfalme wa Waingereza aliugua akili, na kwa kuwa alikuwa bado yu hai, hakuna aliyeweza kuchukua kiti chake. Basi mwanawe akawekwa kutawala kwa niaba yake, na viti vyote hivi vilitengenezwa, au kuigwa baadaye, kwa mtindo wa miaka ile: baba yuko chumbani, mwana yuko ukumbini anachagua mapazia.

Kioo chetu, kusema kweli, si cha zama zile. Ni mwigo wa baadaye. Nimekikagua skrubu moja moja. Lakini ni mwigo wa fundi aliyejua anachofanya.

Kilikuwa na ila moja. Kiliinama. Kilining'inia kwa mbele kama mtu anayechungulia kisima, na kila mgeni mwenye jicho alinyanyuka kukinyoosha. Wakishaondoka, Mama aliingia kukusanya vikombe akakiinamisha tena. Mimi nilidhani ukuta wenyewe ni mbovu.

Majlisi ya Baba ilijaa watu kila jioni baada ya sala ya Isha. Ilikuwa ya wanaume. Mama hakuingia wakiwamo, wala mimi, binti yake, baada ya kupata akili. Aliyebeba masinia alikuwa kaka yangu. Na sifa ya nyumba yetu, iliyofika mpaka Seeb na kurudi, ilikuwa kwamba hapo hakuna kinachoombwa. Kahawa ikipungua, dele jipya limefika. Akiingia mgeni wa heshima, halua imeshakatwa. Kuna mzee alikuwa akisema nyumba hii ina majini, na Baba akitabasamu tu huku anapapasa shanga za tasbihi yake. Pia ilikuwa kawaida kwamba mgeni mwenye maneno mengi asiyejua kuaga akishachosha watu, kaka yangu angetokea mlangoni na kusema, "Baba, unaitwa ndani." Baba angenyanyuka huku akiomba radhi. Akifika ndani hakuna aliyemwita. Angekaa jikoni akala kisheti, akasubiri mpaka mgeni yule atafute viatu vyake.

Sote tulikua na mambo hayo, na hakuna aliyewahi kuuliza Mama alikuwa akijuaje.

Kisha kaka yangu akapata cheo kizuri na akaamua kuipamba upya majlisi. Akaweka dari la jasi lenye taa zilizojificha, makochi ya kijivu marefu, na pale kilipokuwa kioo akatundika televisheni ya kutosha uwanja wa mpira. Baba alisema, "Mashaallah," sauti ikiwa ndogo. Mama akanipa kioo nikiweke dukani kwangu, mafundi wasije wakakivunja. Nikakitundika nyuma ya meza yangu, tai na kofia yake, na wala sikukiandikia bei.

Mwaka uliofuata Baba akapatwa na kiharusi.

Alirudi kutoka hospitali upande wa kulia umelala na maneno yameondoka. Ngazi hawezi kupanda, kwa hiyo kitanda chake tukakiweka majlisi, chini ya zile taa zilizojificha. Wageni wakamiminika kumjulia hali. Walikuwa watu wema, Mungu awalipe, lakini walimsemesha kwa kelele kana kwamba kapoteza masikio, halafu wakageukiana wakamzungumzia yeye mwenyewe akiwa hapo hapo. Kaka yangu alisimamia kila kitu. Alipanga zamu, akaajiri muuguzi, akapokea wageni, akakaa mahali pa Baba. Alifanya vizuri sana, na mimi kwa wivu na uchungu wangu nikawa namwita moyoni Naibu wa Mfalme.

Baba hakula. Hapo ndipo roho zetu zilipokuwa juu juu. Alikuwa akiweza kumeza. Daktari alimpima akasema anaweza, vyakula laini vyote. Lakini kijiko kikimkaribia alifunga mdomo na kugeuza uso. Alimkatalia muuguzi, akanikatalia mimi, akamkatalia hata Mama, ambaye alimkalia kitandani akimbembeleza kwa majina ambayo sikuwahi kumsikia akiyatumia. Daktari alisema hali ikiendelea hivyo itabidi ule mpira wa kulishia aliowekewa hospitali urudishwe puani. Baba aliuchukia mpira ule mpaka ilibidi afungwe mkono wake mzima. Mama hakuwa akilia. Alinong'ona tu, akiwa anasugua sufuria iliyokwisha kutakata: "Nnaogopa ataondoka na jambo moyoni, na mie nisijue anataka nini."

Macho ya Baba yalikuwa yakienda ukutani. Hilo tuliliona wote. Yalipanda pale kwenye televisheni, yakabaki hapo, yakashuka. Kaka yangu akasema, "Anataka habari," akaiwasha. Baba akafumba macho. Kaka akabadilisha, akaweka Kurani, Baba akasikiliza kwa adabu, lakini ilipokwisha macho yakapanda tena kuleee. Kaka yangu akanunua rimoti nyingine.

Siku hizo hizo alikuja dukani kwangu mama mmoja anayepamba nyumba mpya ya mwanawe. Ni katika watu wetu wa Muscat waliotoka Unguja, Kiswahili chake cha huko kabisa, na alitaka Rijensi kuanzia mlangoni mpaka msalani. Akakiona kioo.

"Hichi ndicho, shoga," akasema. "Lakini huyo ndege umvue kofia."

Nikamwambia hakiuzwi. Hakunisikia. Akakishusha, akakigeuza, akagusa kitu mgongoni kwake ambacho nami nilikuwa nimekiona nisikitilie maanani: kijito cha kitambaa, mfano wa mto mdogo wa kulalia, kigumu, kilichochomekwa upande wa juu wa mbao. Akauliza ni nini. Na mimi, nisiyependa kushindwa na swali la mteja, nikamjibu kwa sauti ya mtaalamu kwamba mafundi wa kale wa Kiingereza waliweka vijito namna hiyo ili kioo kiiname, maana vioo hivi havikutengenezwa mtu ajitazame. Vilitundikwa kwenye chumba cha kulia, mtumishi akasimama pembeni, akaiona meza nzima kwa kioo bila ya kuwakodolea macho wageni, akajua nani kamaliza mvinyo. Hilo la mwisho ni kweli, nimelisoma. La kijito nililibuni hapo hapo.

Jioni nikamsimulia Mama jikoni, nikicheka, apate kucheka naye kidogo. Alikuwa anakoroga uji ambao tulijua hautaliwa. Akaacha kukoroga.

"Waingereza gani?" akasema. "Kile nimekishona mie. Kwa kipande cha kanga yangu ya harusi, ndani nikatia kokwa za tende."

"Kwa nini, Mama?"

"Nipate kumuona babako."

Akanishika mkono akanitoa jikoni, akanisimamisha kwenye kichochoro chenye giza kinachoelekea majlisi, mahali ambapo mlango ukiwa wazi huoni chochote isipokuwa kipande cha ukuta. Kipande hicho ndicho kilichokuwa na kioo. Toka hapo, aliniambia, kikiwa kimeinama sawasawa, aliiona majlisi yote kwa udogo wake: makubazi, masinia, vilemba, na mumewe kakaa pale mbele. Yeye mwenyewe hakuonekana, labda doa tu kwa ajuaye pa kutazama. Na Baba alijua. Akiinua kikombe kidogo, kahawa imekwisha. Akigusa ndewe ya sikio, leteni halua. Akivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba ameona mdudu, kisha akaivaa tena, maana yake nimechoka na huyu, niokoeni.

"Ndiyo kaka akitumwa kumwita," nikasema.

"Ndiyo akitumwa. Kwani ungedhani yule jirani yetu mwenye maneno mengi angenyamaza mwenyewe?"

Hakuna kitu kinachoudhi kama kuishi na watu maisha yako yote halafu uambiwe walikuwa na lugha yao. Niliudhika, kisha nikacheka, kisha nikaelewa. Nikamwambia, "Mama, hatafuti televisheni. Anakutafuta wewe."

Mama akarudi jikoni, akaiepua ile sufuria ya uji. "Na mie nnamuingilia na kijiko mbele ya watu, kama mtoto," akasema.

Asubuhi nikakileta kioo. Kaka yangu alisimama chini ya televisheni yake mikono kiunoni. Alisema jasi itapasuka, alisema khalas, yaishe haya mambo ya kizamani, alisema wageni watasema nini wakiona tumeshusha televisheni tukapandisha ndege. Nikamwambia naye ni naibu tu, mwenye kiti bado yu hai. Hakuijua hadithi ya mfalme, lakini maneno yalimchoma, na nilikusudia yamchome. Akaenda mwenyewe kuleta ngazi.

Nikakitundika kama ninavyotundika vioo vya wateja: kwa pima maji, kimekaa barabara na ukuta. Kile kijito nilikuwa nimekitoa, kwa kuwa kinaharibu mkao. Baba alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Alipomwona tai mwenye kofia, upande mzima wa uso wake ulilegea, na mimi nikadhani kazi imekwisha. Macho yake yakaingia kwenye kioo. Yakatafuta. Yakatafuta tena, huku na huku. Halafu akayafumba, na tone likamtoka pembeni.

"Nnaona dari tu!" Mama akapiga kelele kutoka kichochoroni. "Kimenyooka hicho!"

Akaja mbio na kanga begani, akapekua mkoba wangu wa vifaa mpaka akakipata kijito chake. Akapanda ngazi mwenyewe, akiwa na magoti yale ya kulalamikiwa kila siku, akakichomeka nyuma ya fremu, akasukuma kidogo, akarudi chini, akatoka. Hakumtazama Baba wala hakumsemesha. Tukasikia kandambili zake zinakwenda, zinasimama.

Baba akafumbua macho.

Sijui aliona nini hasa; doa, nadhani, kivuli cha mwanamke mnene kwenye giza. Alikitazama kile kioo kwa utulivu, kama alivyokuwa akikitazama zamani huku mgeni anasimulia. Mkono wa kushoto ukaanza kunyanyuka. Ulipanda polepole, ukapita kidevu, ukatafuta, ukashika ndewe ya sikio.

"Halua!" Mama akasema huko aliko, na sauti ilimkatika katikati ya kicheko. "Uji wangu kaukataa, anataka halua!"

Akaiyeyusha kwa maji ya moto mpaka ikawa laini kabisa, akaitia kwenye kibakuli. Hakuja nayo. Alimwita kaka yangu, mtu mzima mwenye mvi na dereva wa kumwendesha, akamkabidhi sinia: "Mpelekee babako." Kaka yangu alilibeba kama alivyokuwa akilibeba utotoni, mikono miwili, macho chini. Akakaa kitandani, akajaza ncha ya kijiko. Baba akafungua mdomo.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, na nasema hivyo bila ya kuona haya. Baba alikula alichokitaka alipokitaka. Wageni walikuja, wakapiga kelele zao, na kahawa ikafika kwa wakati, na yule mzee akasema tena majini yamerudi. Mgeni akizidisha, mkono wa Baba ulikwenda kwenye kofia. Hakuweza tena kunyanyuka akaenda kula kisheti, kwa hiyo Mama alimtuma muuguzi aje kusema ni wakati wa dawa. Baba alipewa dawa nyingi sana za maji matupu. Kaka yangu alikuwa akikaa pembeni yake, akitazama mkono wa Baba na kioo. Televisheni aliipeleka nyumbani kwake.

Siku moja, baada ya Alasiri, Baba alipewa kahawa yake kwa kijiko. Kisha akakitaka kikombe chenyewe, kitupu. Akakishika kwa mkono wa kushoto, akakiinua mpaka usawa wa kioo, akakitikisa. Kila mtu Muscat anajua maana ya kikombe kutikiswa: nimetosheka, alhamdulillahi, usinimiminie tena. Mama alikiona kutoka kichochoroni. Akaja, akakichukua mkononi mwake, akakaa naye mpaka Magharibi. Baada ya hapo Baba hakugusa ndewe tena. Hatukumlazimisha, na mpira hatukuuruhusu. Aliondoka ndani ya wiki hiyo, kwa upole, Mama kamshika mguu.

Siku ya matanga nyumba ilijaa. Wanaume majlisi, wanawake ndani, na Mama ameshaanza kukaa eda, kavaa nyeupe. Shangazi yetu alipita nyumba nzima na mashuka akifunika vioo, kama wanavyofanya watu wa kwetu, mjane asije akajitazama. Alipomaliza vya vyumbani akaniambia nimpe kaka yangu shuka akafunike kile cha majlisi.

Mama alisikia. Akainua kichwa.

"Hicho kiacheni," akasema. "Tangu kije sijapata kujiona ndani yake hata siku moja."

Shangazi akanung'unika lakini akalikunja shuka. Mama akanyanyuka, akajifunika vizuri, akaniegemea mkono. Tukaenda mpaka kichochoroni, tukasimama nyuma ya pazia, penye giza. Kwa mara ya kwanza nilitazama kutoka pale alipotazama yeye. Majlisi ilikuwa ndogo, imepinda, imejaa vilemba. Mahali pa Baba alikaa kaka yangu. Kando yake mtu mmoja alikuwa akimsimulia jambo refu, mkono wake gotini mwa kaka yangu, hakomi. Kaka yangu alikuwa anaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameitikia hivyo tangu makaburini.

Kisha akanyanyua macho kwenye kioo. Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Nilihisi mkono wa Mama unanibana. Machozi ambayo sikuyaona kwake miezi yote ile yalimtoka yote pamoja, na wala hakuyafuta.

"Nenda mlangoni," akaniambia. "Mwambie nduguyo anaitwa ndani."